Mwenye Waya ni Nani?

Agosti 1914, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, alimwandikia barua ofisa wa Kiingereza wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, akiuliza kama nchi zao zimeingia vitani. Alikuwa na boma, askari na bendera. Habari ndiyo hakuwa nayo. Miaka 15 nyuma, mwaka 1899, tajiri wa Kiingereza Cecil Rhodes alikwenda Berlin kumwomba Kaisari Wilhelm II ruhusa ya kupitisha telegrafu yake katika koloni hili la Kijerumani. Aliipata, na waya ukafika Ujiji. Ardhi ilikuwa ya Mjerumani, waya ukawa wa kampuni ya Kiingereza.

Masoko, kusini mashariki mwa Tukuyu, wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa fedha zao katika ziwa Kisiba. Leo fedha ya Masoko inapita hewani. Mkulima wa chai anabonyeza *150*00#, anaingiza namba ya siri, na ada ya mtoto imefika Mbeya. Laini anayotumia imesajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole vyake, utaratibu ulioanza Mei 2019. Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kidole kilekile kinachochuma chai kimo katika kumbukumbu za dola.

Kwa hiyo mamlaka ya nchi juu ya teknolojia, mada ya toleo hili, si shauri la mawaziri na wanasheria wa Dodoma peke yao.

Hoja ya serikali, kwamba nchi ishike teknolojia yake yenyewe, ina uzito. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Nchi inayopumua kwa nyaya chache, na ambayo taarifa nyingi za watu wake zinalala katika mitambo ya ng'ambo, ina kila sababu ya kujihami. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kituo cha data cha Kijitonyama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na Tume yake: hizo ni hatua za nchi inayotaka kusimama kwa miguu yake, na jarida hili linaziunga mkono bila kigugumizi.

Tatizo ni kwamba kwa jina hilohilo la mamlaka hupitishwa mambo mengine. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada zilizozidi shilingi milioni 2. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN wajitambulishe. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na kuanza kurejea Novemba 3.

Safari hii hakuna waya uliokatika baharini. Katika siku hizo za vurugu na vifo, aliyetaka kujua kilichowapata ndugu zake Dar es Salaam au Mwanza alibaki kuulizauliza kama yule mkuu wa wilaya wa 1914, ilhali mkongo unaomfikia ni mali ya taifa lake mwenyewe.

Hapo ndipo jarida hili linapotofautiana na watunga kanuni. Kumiliki waya na kumfungia mwananchi waya ni mambo mawili, na la kwanza halihalalishi la pili. Nchini Kenya, Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuizuia serikali isizime wala kuvuruga intaneti wakati shauri likisubiri kusikilizwa. Dola ya Kenya haikupungua ukubwa kwa amri hiyo. Tanzania nayo inahitaji sheria inayotaka idhini ya mahakama kabla mtandao haujaguswa, sababu zitangazwe hadharani, na anayeamua aandike jina lake chini ya uamuzi.

Makala zinazofuata zinaanzia kwenye nyaya za baharini, zinapanda na Mkongo hadi Nyanda za Juu Kusini, kisha zinaingia mahakamani. Waandishi wake hawakubaliani katika kila jambo. Wote, hata hivyo, wanamrudia mtu mmoja: yule wa Masoko aliyetoa kidole chake ili laini isifungwe, na ambaye hadi leo hajaulizwa mtandao uzimwe lini na kwa idhini ya nani.