Kila jengo la Kariakoo liwe na kijumbe wa taka

Pita Mtaa wa Kongo au Aggrey saa kumi na mbili jioni, maduka yakianza kushusha mageti. Mashati yamevuliwa nailoni yakatundikwa mlangoni. Viatu vimetolewa kwenye maboksi ili belo la mteja wa Lubumbashi libane vizuri. Chini zimebaki kamba, vipande vya salotepu, karatasi laini zilizosokomezwa ndani ya viatu tangu Guangzhou, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vilivyoandikwa kwamba haviliwi. Ufagio unakusanya vyote, unavuka kizingiti, na nje ya kizingiti kuna mtaro.

Ndugu zangu wenye fremu, nanyi mnaouza kwenye fremu za watu, wabeba mizigo, mafundi cherehani wa ghorofani, mama lishe na baba lishe: taka hizi ni zetu, na nawaomba tuzishughulikie hapahapa kazini, jengo kwa jengo.

Tunajua zinakokwenda mvua ikinyesha. Jangwani ipo hapo chini, na ndiko Mto Msimbazi unakopita kutoka vilima vya Pugu kwenda baharini pale Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi waliopoteza nyumba mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Sisemi kwamba nailoni zetu ndizo zilizoleta mvua ile. Nasema mtaro ulioziba haupitishi maji, na kila masika tunakunja suruali kuvuka mtaa uleule tulioufagilia taka.

Zinazobebwa na gari nazo hazitoweki duniani. Wakazi wa Tabata walichoshwa na dampo la jiji, wakafungua kesi mwaka 1988. Jaji Lugakingira aliwapa haki yao, akirejea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Huko nako watu 795 wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, wakashinda. Siku hizi mzigo unapelekwa Pugu Kinyamwezi. Miaka yote hiyo mji umekuwa ukibishana taka zikatupwe kwa nani, na sisi tunaozizalisha hakuna aliyetuita kizimbani.

Juni 1, 2019 mifuko ya rambo ilipigwa marufuku, na kweli ikatoweka mikononi mwa watoto waliokuwa wakiiuza sokoni. Lakini marufuku ile ililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani vilibaki, na Kariakoo inaishi kwa vifungashio. Hapo mgambo wa jiji hawezi kutusaidia. Anayeweza ni yule anayefungua belo.

Mtaniambia watu wa Kariakoo hawana muda wa vikao. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa sababu ya malalamiko ya kodi na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Muda ulipatikana. Tena ni jengo gani lisilo na mchezo wa kuchangiana fedha? Kijumbe anapita fremu kwa fremu kila jioni, anajua nani katoa na nani hukimbilia chooni akimwona anakuja. Utaratibu ninaoutaka ni huohuo: watu saba au kumi wa jengo moja, kijumbe mmoja, na kundi la WhatsApp ambalo halitageuka la kutumiana salamu za asubuhi.

Waanze na maboksi, kwa sababu maboksi ni pesa. Wanunuzi wanapita na maguta, wanapima kwa kilo, na leo hela hiyo inachukuliwa na yeyote aliyewahi. Maboksi yakikunjwa na kuwekwa pamoja mahali pakavu, kijumbe anauza kwa mkupuo na fedha inaingia kwenye mfuko wa kikundi. Nailoni zitengwe kwenye gunia lake, zikabidhiwe mkononi kwa mzoa taka. Na maboksi yakiondoka, ngazi zitapitika. Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu liliungua mbele ya macho yetu. Tangu hapo simwelewi mtu anayepata usingizi ilhali ngazi za jengo lake zimejazwa makatoni hadi darini.

Chakula cha mchana ni kigumu zaidi. Mama lishe anafunga wali maharage kwenye vyombo vya kutupa kwa sababu akileta sahani ghorofa ya tatu, hairudi, au inarudi kesho ikiwa imegandiwa na mchuzi. Hapo kosa si lake. Mfuko wa maboksi ununue vyombo vya jengo, vioshwe kwa zamu, mama lishe apakue na kuondoka zake. Muuza kahawa amefanya hivyo miaka yote: unakunywa umesimama, unamrudishia kikombe chake.

Kikundi hichohicho kinaweza kuangalia na umeme, ingawa sitausemea sana. Soko Kuu la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lilisanifiwa lipitishe hewa lenyewe, na miamvuli yake ya zege ikinge maji ya mvua. Sisi tumepanga kwenye maghorofa yasiyo na madirisha, kisha tunanunua LUKU kuyapoza. Hatuwezi kuyabomoa. Ila taa za kuonyeshea mzigo kwenye stoo ambayo mteja haingii zinaweza kuzimwa leo.

Mwenye jengo msimsubiri. Huonekana kodi inapokaribia. Mabosi nao wasiombwe hotuba. Waombwe kona moja chini ya ngazi na ruhusa ya dakika kumi kabla ya kufunga. Jumamosi hii kutaneni hapohapo koridoni, mchague kijumbe, mkubaliane maboksi yatakaa wapi na fedha atashika nani, maana hilo la pili likiachwa hewani kikundi hakifiki mwezi. Na kama hamjui muanzie kwa nani, muulizeni mlinzi wa usiku. Yeye ndiye anayejua kila fremu inatoa nini mkishaondoka.