Shahidi Mmoja kwa Sauti Mia

Kwa miaka mingi msafiri aliyefika Busisi, katika Wilaya ya Sengerema, alipata habari za kivuko kwa macho yake mwenyewe. Kama chombo kilikuwa njiani kutoka Kigongo, alikiona juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Kama hakikuonekana, alikaa kungoja. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3, lenye jina la Rais John Pombe Magufuli, na kungoja huko kukaisha. Lakini habari za siasa zinazoingia katika simu ya msafiri huyo hazionekani kutoka ufukoni. Hapana budi zipimwe kwa njia nyingine.

Njia hiyo yafaa ifundishwe shuleni, na mahali pake hasa ni maabara. Wanafunzi 40 wakinakili kipimo cha joto kilichosomwa na mwenzao mmoja, darasa halina vipimo 40. Lina kimoja tu. Ikiwa yule wa kwanza alikosea, wote wamekosea pamoja naye. Ndivyo ulivyo ujumbe wa WhatsApp unaopokewa kutoka makundi 10 kwa siku moja. Wingi wa walioupeleka mbele si wingi wa mashahidi. Swali la kwanza, basi, ni hili: nani aliyeanza kusema, naye alijuaje? Aliona, alisikia, au alikisia?

Swali la pili ni la wakati. Picha inayoonyesha nguzo za Daraja la Kigongo–Busisi ambazo bado hazijaunganishwa ilipigwa kabla ya Juni 2025, hata kama maneno yaliyoambatanishwa nayo yanadai kuwa ni ya leo asubuhi. Mwanafunzi wa Busisi aweza kulitambua kosa hilo upesi kuliko mhariri aliye mbali. Tena siku hizi kompyuta huweza kutengeneza sura na sauti ya kiongozi akisema neno ambalo hakulitamka kamwe. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Swali la tatu ni gumu zaidi: je, yuko shahidi mwingine asiyemtegemea yule wa kwanza? Mambo ya mwaka 2021 yanafundisha ugumu huo. Baada ya tarehe 27 Februari, Rais Magufuli hakuonekana tena hadharani. Mitandaoni zilienea habari kwamba ni mgonjwa, na nyingine zilidai kuwa amelazwa Nairobi au India. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaambia wananchi mkoani Njombe kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kifo chake. Kwa mujibu wa tangazo hilo, Rais alikuwa amelazwa kwanza tarehe 6 Machi katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na alifariki katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam.

Wako wanaosema kuwa methali ilishinda: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hoja hiyo haikubaliki. Uvumi ulipata kweli kuhusu ugonjwa, lakini ule uliotaja hospitali za ng'ambo haukuungwa mkono na tangazo hilo. Wako pia wanaosema kuwa neno la mwenye cheo latosha. Hilo nalo halikubaliki, kwa kuwa cheo hakiondoi haja ya ushahidi. Kati ya tarehe 12 na 17 Machi, jibu la mtu mwenye fikra za kisayansi lilikuwa moja tu: bado haijathibitika. Jibu hilo si la uoga. Ni gumu kulishika, maana humtaka mtu azuie hamu yake ya kuamini lile analolipenda.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uenezaji wa habari za uongo. Hata hivyo, hofu ya adhabu haimfundishi kijana kupima habari. Humfundisha kunyamaza tu, na ukimya ndio rutuba ya uvumi. Wenye madaraka nao wana wajibu wao: habari sahihi ikichelewa, nafasi yake huchukuliwa na yoyote iliyotangulia.

Mwalimu aweza kuanza wiki hii, bila kifaa chochote. Aandike ubaoni habari moja ya siasa iliyoenea, na darasa lijibu: nani alisema, alijuaje, lini, na nani mwingine aliyejua kwa njia yake mwenyewe. Nafasi isiyo na jibu iachwe wazi. Wanafunzi hao watapiga kura karibuni, na kura hupigwa kwa kile ambacho mtu anakisadiki.