Mambo ya Nyumbani: Fundi wa Jokofu Alipweje?

Jokofu likiharibika, mshahara wa askari hutikisika. Fundi hulipwa kwa njia mbili. Akilipwa kwa saa, hasara ya kuchelewa humwangukia mwenye nyumba. Akilipwa kwa kazi nzima, hasara hiyo ni yake. Ndiyo maana huongeza bei mapema. Hitilafu ndogo inayojulikana yafaa ilipiwe kwa saa. Isiyojulikana, mlipeni kwanza ada ya uchunguzi, kisha mpatane bei ya kazi nzima. Kumbukeni pia kwamba gesi ya jokofu haiishi kwa matumizi, ikipungua, imevuja. Anayeijaza bila kuziba tundu atarudi kudai malipo mengine. Daini kipuri kilichotolewa, na mapatano yaandikwe: mali bila daftari hupotea bila habari.