Ugonjwa Usio na Jina Hauna Mtetezi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo humlenga mgonjwa. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo hayafichwi na mgonjwa, bali na lugha ya wale wanaoyachunguza.

Chukua mfano wa ugonjwa ambao wataalamu huuita haidatidi. Huletwa na tegu wa milimita chache tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kuchafua nyasi, maji na mikono. Mbuzi, kondoo au ngamia akiyameza, vifuko vya maji humea katika ini au mapafu yake. Mnyama huyo akichinjwa, na mbwa akatupiwa ini bichi, mzunguko huanza upya. Binadamu akiyameza mayai hayo, kifuko humea ndani yake polepole kwa miaka mingi. Tiba yake huwa upasuaji au dawa ya muda mrefu, na mfugaji aliye mbali na hospitali hupata yote mawili kwa taabu.

Turkana imejulikana kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa sehemu za dunia zilizoathiriwa vibaya zaidi. Shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuukabili ugonjwa huo huko mwaka 1983. Tangu hapo, makala nyingi za kitaalamu zimeandikwa, karibu zote kwa Kiingereza. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha miongoni mwa magonjwa yaliyopuuzwa. Je, ni nani aliyeupuuza, ikiwa hata jina lake halijamfikia anayeishi nao?

Mimi si tabibu wa watu wala wa mifugo. Taaluma yangu ni isimu. Kwa sababu hiyo nashangazwa na wasomi wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kueleza mambo haya. Lugha iliyotupa kichocho, matende, malale na safura haikosi uwezo. Ugonjwa wa Ukimwi ulipozuka katika miaka ya 1980, jina liliundwa, na leo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Kinachokosekana ni nia.

Mathalani, kwa nini tusiuite ugonjwa huu 'tegu wa mbwa'? Neno haidatidi halimwambii mfugaji lolote. 'Tegu wa mbwa' humwonyesha adui anakotoka, na nusu ya kinga imo katika jina lenyewe: mbwa apewe dawa ya minyoo, asilishwe matumbo mabichi, nasi tunawe mikono.

Najua kuna atakayeuliza: Je, mama wa Kiturkana aliye malishoni anakijua Kiswahili? Pengine hakijui. Hoja hiyo haiwaokoi watafiti, inawaongezea wajibu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kinaiagiza serikali kukuza lugha za kiasili pia. Mtafiti aliyepima damu ya watu na kukagua mbwa wao anawadaia nini ikiwa hawezi kuwarudishia matokeo kwa lugha wanayoielewa?

Napendekeza kwamba vyuo vikuu vyetu visiipitishe tasnifu yoyote kuhusu maradhi ya watu na mifugo bila muhtasari wa Kiswahili, na wa lugha ya mahali utafiti ulikofanyiwa. Nanyi walimu wa sekondari, msingoje vyuo. Mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja, wawape wanafunzi insha juu ya tegu wa mbwa, kisha wanafunzi hao waisome nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Utafiti unaoishia maktabani, hali mbwa angali anatupiwa ini bichi kila siku ya kuchinja, haujakamilika, hata ukituzwa shahada.