BANGI IKIRUHUSIWA, KAZI YAKO ITALINDWA NA NANI?



Tangu mwaka 2022, Profesa George Wajackoyah alipoomba urais akiahidi kwamba bangi italipa deni la nchi, maneno haya hayajaisha mahali pa kazi. Kura alipata chache, lakini swali limebaki: je, bangi na dawa nyingine za kulevya ziruhusiwe?

Chama cha wafanyi kazi hakiwezi kunyamaza. Anayeshikwa na polisi kwa msokoto mmoja si tajiri aliye nyuma ya ukuta wake. Ni kibarua anayerudi nyumbani kwa miguu. Sheria ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa mtu aliyepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe. Hata hakimu akimhurumia, siku chache za rumande zatosha kumpotezea kazi.

Basi sheria ikilegezwa tushangilie? Twasema polepole. Chang'aa ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1980, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 2010, tukaambiwa sasa itatengenezwa kwa usafi na kukaguliwa. Mwaka 2014 watu kwa makumi walikufa Embu, Kitui na kwingineko kwa pombe yenye sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Sheria ilibadilika, lakini mfuko wa maskini haukubadilika. Alikunywa alichoweza kununua.

Ureno ilianza mwaka 2001. Mtu aliyepatikana na dawa zisizozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi kortini, huitwa mbele ya kamati, na mgonjwa huonyeshwa matibabu. Kuuza bado ni kosa. Jimbo la Oregon huko Marekani liliondoa adhabu mwaka 2021 kabla matibabu hayajawa tayari, na mwaka 2024 likazirudisha. Ndugu zetu wa Pwani, waliouziwa mpaka mabati ya nyumba na kijana aliyenaswa na unga, wanajua kwamba kumfunga hakukumponya. Dawa ya methadoni hutolewa Malindi tangu mwaka 2015, lakini mgonjwa hana budi kwenda kuinywa kila siku. Ni msimamizi gani wa kazi atakayemngoja?

Jambo linalotuhusu zaidi lilitokea Afrika Kusini. Mwaka 2018 Korti ya Katiba ya huko iliamua kwamba mtu mzima aweza kuvuta bangi faraghani. Lakini mwaka 2020 mama mmoja, mfanyi kazi wa ofisini, alipimwa mkojo na kampuni yake, ikaonekana alivuta. Alivuta nyumbani. Hakuwa amelewa kazini wala hakuendesha mtambo wo wote. Akafukuzwa. Korti ya kwanza ilimkatalia, na ni mwezi wa Aprili 2024 ndipo korti ya rufani ya kazi ilipoamuru alipwe mshahara wa miezi 24. Ni nani kati yetu awezaye kungoja miaka minne?

Yafaa ieleweke: alama za bangi hukaa katika mkojo siku nyingi, na kwa mvutaji wa kila siku hukaa majuma. Mkojo hausemi kama mtu amelewa asubuhi hii. Basi polisi akiondoka mlangoni, tajiri ataingia na chupa yake.

Hatumtetei mlevi kazini. Aliye chini ya winchi ana watoto pia, na mwendesha winchi aliyelewa ashushwe mara moja. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yazungumza juu ya mtu aliyelewa wakati wa kazi hata asiweze kuifanya. Haisemi habari ya alichofanya Jumamosi kwake. Na kifungu cha 41 champa haki ya kusikilizwa, mwenzake au mjumbe wa chama akiwapo. (Dereva wa lori atafunaye miraa usiku kucha kutoka Mombasa hadi Malaba ili asisinzie, mbona hapimwi na mtu? Kwa sababu mzigo unafika.)

Kwa hiyo, sheria ilegezwe au isilegezwe, twataka mkataba ujao useme hivi: apimwe uwezo wa kazi wala si mkojo tu, na aliyenaswa na dawa apewe ruhusa ya matibabu na kazi yake imngojee.

Kila mjumbe wa tawi alete kwa maandishi: kampuni gani inapima, nani hupimwa, kama meneja naye hupimwa, na karatasi ya majibu huwekwa na nani. Aliyepewa barua ya kufukuzwa kwa ajili ya mkojo asitie sahihi kabla ya kufika ofisini kwetu.