Kisumu: Kasi ya boti yakwama kwenye gugu maji

Sisi wa Mombasa tukisikia boti imepoteza kasi, lawama huwa ni ya mashine. Kisumu, tazama maji kwanza. Boti ya jeti, kama baadhi ya zile za kuvuta wachezaji wa ski, haina rafadha ya nje. Huvuta maji kupitia wavu wa chuma chini ya chombo, kisha feni ya ndani huyasukuma nyuma kwa nguvu. Mizizi ya gugu maji ikiziba wavu huo, injini hunguruma na mzunguko wake hupanda, lakini boti haiendi. Fundi aweza kubadilisha waya wa akselereta, hata kompyuta nzima, na asitibu kitu. Azime injini, achomoe ufunguo, ndipo asafishe wavu na kuikagua feni.

Gugu hilo limeisumbua Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990. Upepo ukigeuka, ufuo wa Dunga uliokuwa wazi asubuhi waweza kuzibwa jioni. Kwa mtalii ni starehe iliyoharibika tu. Kwa mvuvi aliyepinduka akingoja boti ya uokoaji, ni uhai. Basi kaunti ikitaka kununua boti za kasi, tusiulize nguvu ya injini pekee. Wavu utasafishwaje katikati ya ziwa? Na nani ataondoa gugu kwenye njia ya kutoka gatini?