Taa ya Gari la Usiku



Jumapili iliyopita kambini palikuwa na ubishi juu ya wimbo. Kijana mmoja wa gengi yetu aliupiga kwa simu yake, wimbo wa Marekani uitwao "Midnight Special", yaani gari la moshi la usiku wa manane. Wazee wakasema ni wimbo wa wezi, uzimwe. Kiingereza changu ni kile cha shule ya misheni, lakini nasema hawakuusikiliza vema.

Ni wimbo wa wafungwa weusi wa kusini mwa Marekani. Aliyeupeleka mbali ni Huddie Ledbetter, aitwaye Lead Belly, aliyerekodiwa akiuimba mwaka 1934 katika gereza la Angola, Louisiana. Huyu hakuwa malaika. Alifungwa Texas mwaka 1918 kwa kuua mtu, akaachiliwa mwaka 1925 baada ya kumwimbia Gavana Pat Neff, na mwaka 1930 akafungwa tena kwa kumjeruhi mtu kwa kisu.

Katika wimbo mfungwa aamshwa na kengele, aenda mezani, akuta chakula kile kile cha jana, na akinung'unika ajitafutia taabu. Kisha aja mwanamke, karatasi mkononi, aenda kwa gavana kumwombea mumewe. Na usiku gari lapita. Wafungwa walikuwa na imani kwamba mtu akimulikwa na taa ya gari lile, atatoka. Sisi wa reli twaijua taa ya injini. Haifungui kufuli. Yapiga ukutani kidogo tu, halafu giza. Lakini angalieni: mfungwa yule haombi gari lianguke, wala hasemi kwamba hakukosa. Aomba amulikwe.

Wengi wautaja wimbo huu pamoja na shamba la wafungwa la Sugar Land, karibu na Houston. Katika mji huo mwaka 2018, watu wakijenga shule, ilifukuliwa mifupa ya watu 95, wafungwa weusi wa zamani waliokodishwa kwa wenye mashamba kama ng'ombe wa kulimia. Wengine kama hao walitandika reli za huko kusini. Wako waliokamatwa kwa kuzurura tu, bila kazi.

Sasa ya kwetu. Mnamjua mwenzetu aliyefungwa kwa kuuza bolti za reli. Mtoto aliugua, akakopa, na mkopeshaji akamkaba shingo. Mimi simtetei hata kidogo. Nimetembea njia ile kwa miguu miaka kumi na moja, na najua bolti zikikosekana gari laweza kulala ubavuni na watu ndani. Alistahili kushitakiwa.

Lakini mkewe alipokuja ofisi ya tawi na barua yake mkononi, akiomba msaada wa watoto, mmoja wetu alisema, "Mke wa mwizi aende kwa wezi." Watu wakacheka. Nami nilikuwapo, nikanyamaza. Ndiyo sababu wimbo ule uliponifikia Jumapili sikuweza kula.

Mkutano wa tawi ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nitaisoma barua ya mama yule mbele yenu. Watoto wake wawili watakiwa shuleni Jumatatu, na mweka hazina ameshapokea shilingi mia tano zangu.

Mwanachama wa gengi